Ndugu yangu ataka kuikata pikipiki ya baba

Bibi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 34, mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, na nafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha. Naandika usiku huu kwa sababu jana niligombana na ndugu yangu mdogo hadi mama akatoka chumbani kutunyamazisha. Tangu hapo hatujasemeshana.

Babetu alifariki miaka miwili iliyopita. Katika alivyoacha kuna pikipiki, BSA Bantam D7 ya mwaka 1962. Aliinunua mkono wa pili mwaka 1971, alipokuwa karani bandarini Kilindini. Mama husema ndiyo iliyompeleka baba Kisauni kila Ijumaa enzi za kumposa, wakati daraja la Nyali lilikuwa bado lile la kuelea, kabla ya hili la zege la mwaka 1980. Watoto wote watatu tumepandishwa juu ya tanki lake. Mimi nakumbuka nikishika hendeli katikati, mikono ya baba ikiwa nje ya yangu, na ule moshi wa petroli na oili ambao mpaka leo nikiunusa mahali hugeuka kutazama.

Haijawaka kwa miaka kama kumi na miwili. Iko chini ya ngazi, imefunikwa gunia. Hewa ya bahari imeila: kromu ya rimu imevimba na kubanduka, silensa ina tundu. Logibuku ninayo, ndani ya kopo la biskuti, kwa jina la baba. Namba ni zile za zamani zisizo na herufi mwishoni.

Mimi nataka irudi kama ilivyotoka kiwandani. D7 hii ilikuwa nyekundu. Ukikwaruza kidogo chini ya tanki unaiona. Baba mwenyewe, Mungu amrehemu, aliipaka buluu ya mashua kwa brashi, na alipostaafu akachomelea nyuma keria la chuma cha pembe la kubebea kreti za samaki. Siti aliishonea turubai. Hayo yote nataka yaondoke, ipate heshima yake. Fundi mmoja wa Majengo amenikadiria shilingi 220,000, kwa kuwa spea nyingi zitatoka Uingereza. Ninazo 90,000.

Ndugu yangu ana miaka 29 na ni bodaboda, kituo chake Mwembe Tayari. Yeye ataka kuikata fremu nyuma, kuitia injini ya Boxer 150, hendeli fupi za chini, siti ya mtu mmoja na rangi nyeusi tupu, kama zile anazoziona kwenye simu. Asema kwa 70,000 itakuwa barabarani kabla ya mwezi wa Ramadhani. Nilipomwambia kwamba hana heshima kwa marehemu, akanijibu: "Wewe wataka kuifanya maiti iliyopambwa." Neno hilo limenichoma.

Mama ukimuuliza asema, "Fanyeni mtakalo." Dada yetu ameolewa Malindi, mambo ya pikipiki hayamhusu. Na kuna bwana mmoja wa Nairobi, mkusanyaji wa vyombo vya zamani, ameshapiga simu mara mbili akitaka kuinunua.

Je, mimi kama mkubwa nishike msimamo? Au nimwachie, nione baba akikatwa kwa grenda mbele ya macho yangu?

Mtoto wa Kwanza,
Mji wa Kale

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu baba yenu na awape subira. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaenda kukaa na fundi wa siku nyingi ninayemwamini, aliyezishika BSA kabla wewe hujazaliwa, ili nisije nikakushauri kitu nisichokijua.

Kama nimekuelewa, mna chombo kimoja na hamu mbili. Wewe waitaka ya 1962, ndugu yako aitaka itembee leo. Wewe waona akikata fremu amemkata baba. Yeye aona ukiipamba umemzika mara ya pili. Na juu ya hayo una 90,000 kwa kazi ya 220,000, na mzee wa kuwaamua hayupo, kwa sababu ndiye mnayemlilia.

Nianze na neno ulilolitumia kana kwamba lajulikana: ilivyotoka kiwandani. Mwanangu, baba yako hakuijua pikipiki hiyo ilivyotoka kiwandani. Ilimfikia ina miaka tisa. Kiwanda cha BSA kule Birmingham kiliacha kutengeneza Bantam mwaka huohuo wa 1971 alioinunua, na miaka miwili baadaye kampuni yenyewe ikamezwa katika muungano na wenzake. Maana yake baba alibaki na chombo kisicho na mwenyewe, akakishughulikia kwa alivyovipata Mombasa: rangi ya mashua, chuma cha pembe, turubai. Ile nyekundu uliyoikwaruza ni ya mtu aliyekuwa Uingereza. Buluu ni ya baba yako. Hiyo tanki uliyokalia ukiwa mdogo, jiulize, ilikuwa ya rangi gani?

Sisemi kwamba kwa hiyo nyekundu ni kosa. Fundi wangu alinieleza jambo lililonifurahisha sana. Bantam yenyewe haikuanza kwa Waingereza; baada ya vita vya pili walichukua mchoro wa pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, kama sehemu ya fidia, wakaugeuza kama kioo, upande wa kushoto ukawa wa kulia, wakaitoa mwaka 1948 kwa jina lao. Mchoro huohuo ulizaa pikipiki ya kwanza ya Yamaha mwaka 1955. Chombo hicho kimebadilishwa na kila mkono kilipopita. Lakini mtu anayependa kuona mkono mmojawapo umerudi safi, rangi yake na kromu yake, naye ana haki. Wapo watu kule Nairobi wanaopeleka vyombo vya namna hiyo kwenye mashindano ya Concours d'Elegance, na kuna uzuri wa kweli katika kazi ile. Ninachokuomba ni kujua tu kwamba kurejesha nako kuna kufuta. Ile buluu ikishapigwa msasa, na alama za brashi ya baba zikaondoka, hakuna duka la Birmingham litakalokuuzia nyingine.

Nikwambie yangu. Mama yangu aliniachia sanduku la mti lenye njumu za shaba. Juu ya kifuniko palikuwa na duara nyeusi, mahali alipokuwa akiweka taa ya chemni kila usiku kabla ya stima kufika mtaani kwetu. Nikampa seremala alikwangue na kulipaka vanishi. Lilirudi linang'aa, kifuniko kilichokuwa kimepinda kikafunga vizuri, bawaba hazilii. Nilipopitisha kiganja juu na duara sikuliona, nilikaa kitini. Miaka mingi imepita na bado kiganja changu hulitafuta. Na papo hapo mjukuu wangu huweka nguo zake ndani ya sanduku hilo kila siku, jambo ambalo zamani halikuwezekana kwa sababu mende walikuwa wakiingia. Mambo hayo mawili ninayo yote, na sijui hata leo lipi lina uzito zaidi.

Sasa ndugu yako. Umeniambia hana heshima. Mimi katika barua yako namuona kijana anayeshinda juu ya pikipiki kuanzia alfajiri, ambaye chombo kilichosimama kwake ni chombo kilichokufa, maana siku yake ikisimama hapati chakula. Hukuniambia ni nani aliyekuwa akimshikia baba spana zile siku za mwisho ilipokuwa ikiwaka. Miaka kumi na miwili nyuma yeye alikuwa na kumi na saba, na wewe na ishirini na miwili, yawezekana umeshaanza kazi. Nakisia tu. Muulize. Na lile neno lake la maiti iliyopambwa, ni neno kali, ungekuwa na haki ya kukasirika. Lakini lisikilize tena likishapoa. Yawezekana ni mtu anayesema anamkosa baba na anataka kukaa mahali alipokuwa akikaa.

Hata hivyo, mpango wake nao una maswali ambayo hamjayauliza, na hapa fundi wangu alizungumza kwa kirefu. Kwenye Bantam gia ziko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko mguu wa kushoto. Boxer ni kinyume. Mtu aliyezoea Boxer miaka, siku mtoto akikatiza ghafla pale Makupa, mguu wake utakwenda wenyewe upande wa kulia, na chini yake hakuna breki, kuna gia. Akitia injini ya Boxer, gia zitahamia kushoto, na ndipo pedali ya breki itakapobidi ivushwe upande wa pili, kazi inayotaka fundi mwenye akili, si mwenye grenda tu. Na injini ile ina nguvu kuliko ile ndogo ya baba, ilhali breki zitabaki ngoma za 1962. Masikioni mwangu hilo ni zito kuliko habari yote ya rangi. Mwambie kama mtu anayemtaka arudi nyumbani salama, usimwambie kama hoja ya kumshinda.

Kuna logibuku pia. Ndani yake imeandikwa namba ya injini na namba ya fremu, na zenu kwa jina la marehemu. Ukibadilisha injini lazima NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wajue, na kabla ya hapo lazima umiliki uhame kutoka kwa aliyefariki. (Mkizitazama na kuona namba hizo mbili hazifanani, msishtuke mkadhani baba aliuziwa injini ya wizi, BSA nyingi za miaka ile zilitoka hivyo.)

Na umiliki ndio unaonipeleka kwa mtu uliyempitisha kwa sentensi moja. Dada yenu. Hukuniambia kama mirathi imegawanywa. Kama haijagawanywa, pikipiki hiyo si yako wala ya ndugu yako. Mama yenu ana thumuni yake, 1/8, na kinachobaki, ikiwa wazazi wa marehemu hawako, ni chenu watoto, kila mwana mume hisa mbili na mwana mke moja. Katika hisa tano, moja ni ya aliyeko Malindi. Umesema watoto wote watatu mmepandishwa juu ya tanki. Yeye naye ana moshi wake anaougeukia. Mpigieni. Ikiwa hamjafika kwa Kadhi, hilo lifanyeni mapema, na litasaidia hata katika kubadilisha jina la logibuku.

Mama kusema "fanyeni mtakalo" mimi siichukui kama ruhusa. Mwanamke aliyefuatwa Kisauni kwa pikipiki hiyo hana neno? Anaogopa tu kwamba akisema atakuwa amempa mmoja na kumnyima mwingine. Usimuulize tena mfanye lipi. Muulize habari zake.

Turudi kwenye chombo. Kuna njia ambayo barua yako haikuitaja, na wapenzi wa vyombo vya zamani huichagua mara nyingi: kukiwezesha kutembea bila kukigusa sura. Injini ifunguliwe, sili za krenki zibadilishwe kwa kuwa zikikauka injini hunyonya hewa na haiwaki sawasawa, tanki lisafishwe kutu ya ndani, nyaya mpya, tairi mpya, breki zitiwe viatu vipya, tundu la silensa lizibwe. Buluu ibaki, keria libaki, turubai libaki. Njia hiyo yaweza kukaribia zile 90,000 zako, ingawa fundi wangu alikataa kutaja bei kabla ya kuona krenki, na alifanya vyema. Ubaya wake ni kwamba kutu ya nje haisimami yenyewe. Kwa hewa yetu ya chumvi itabidi mtu aifute kwa kitambaa chenye oili kila wiki, maisha yake yote. Ni nani kati yenu? Na ndugu yako hatapata zile hendeli alizoziota.

Lakini hendeli, siti na taa hufungwa kwa nati. Kinachofungwa kwa nati hufunguliwa. Akitaka kubadilisha hivyo, vya baba vikawekwa ndani ya gunia lilelile na kuandikwa jina, hakuna kilichopotea ila saa moja ya spana. Kukata fremu, kusaga masikio yanayoshika injini, kukwangua rangi: hayo hayarudi. Nafikiri mngekaa na karatasi moja, mkagawa mambo kwa mstari huo badala ya mstari wa nani ni mkubwa, huenda mkakuta mnagombania vitu viwili vitatu tu. Au mkakuta mnagombania vilevile vyote. Sitakudanganya kwamba karatasi hutibu kila kitu.

Njia nyingine ni ndugu yako kuijenga ile nyeusi yake juu ya Boxer iliyochakaa, huku ya baba ikisubiri fedha zako. Kwa akili ni safi. Kwa moyo sina hakika, kwa kuwa yeye hakusema anataka pikipiki nyeusi. Alisema anataka ya baba iwe nyeusi.

Ukichagua ile kazi kubwa ya 220,000, ingia ukijua kwamba Bantam zilitengenezwa nyingi mno, kwa hiyo spea bado zinapatikana Uingereza, lakini nauli, ushuru na VAT hufanya kitu kidogo kuwa kikubwa kikifika Kilindini. Wewe mtu wa forodha wajua hilo kunishinda. Vyombo vingi huharibikia katikati ya kazi ya namna hii. Hufunguliwa, vikatiwa kwenye katoni, fedha zikaisha, fundi akahama, na baada ya miaka mitano hakuna anayejua bolti hii ilikaa wapi. Ukifungua, piga picha kila hatua, na usimlipe mtu yeyote kazi yote kwa pamoja. Na ukaguzi wa fundi uwe huu: mtazame anavyoishika nati ya kwanza. Nati za BSA si za milimita, ni za kipimo cha zamani cha Waingereza, Whitworth na jamaa zake. Akichukua spana namba 13 "inayokaribia kukaa", atakula kona za kila nati mpaka usiku.

Bwana wa Nairobi muache kwanza. Namba yake ya simu itakuwepo hata mwakani.

Mwanangu, sikuambii uamue lipi. Hutakiwi kuamua kabla ya Ramadhani, wala kuamua peke yako kwa kuwa ulizaliwa kwanza. Ukubwa wako katika jambo hili waweza kuwa wa kuvunja kimya kwanza. Kijana wa miaka 29 aliyesema neno kali hajui namna ya kulirudisha, ila akifunguliwa mlango huingia.

Kuna kazi ndogo inayohitajika kwa hali yoyote, mkirejesha, mkibadilisha au mkiiacha ilivyo. Itoeni chini ya ngazi, muitie uani. Mwageni petroli yote ya zamani. Fungueni plagi, mmimine oili ya injini kijiko kimoja ndani ya silinda, mrudishe plagi kwa vidole, mwache siku tatu. Msipige kiki, hata mkitamani vipi; pete zilizoshikwa na kutu zikilazimishwa hukwaruza silinda, na silinda huchongwa mara chache tu kabla ya kwisha. Siku ya tatu fungueni tena plagi, itieni gia ya mwisho, wewe shika hendeli, yeye asukume gurudumu la nyuma kwa mkono, taratibu, mpaka msikie pistoni ikisogea.

Siku hiyo mtoleeni mama kiti uani. Muulizeni lile daraja la kuelea lilikuwa likilia vipi pikipiki ikipita juu yake, na alikuwa akijishika wapi. Kisha niandikie uniambie alisema nini.